Hapana ya Kwanza

...na hapana yenyewe ilimtoka Mahrokh vizuri, bila kigugumizi, Kijerumani safi kabisa, "Hapana, usijisumbue, mpe mwenzangu," na Bi Terhorst wa kaunta ya chuo cha lugha akasema, "Sawa, Bi Sohrabi," basi, sawa tu, akamgeukia Besnik nyuma yake kwenye foleni, "Wewe je? Imebaki nafasi moja ya mtihani wa Ijumaa," na Besnik akadaka, "Naichukua! Asante sana, dada, Mungu akubariki," sasa anapekua begi akitafuta pasipoti, na Mahrokh amesimama palepale mdomo wazi, ngoja, ngoja kwanza, mbona hakuuliza tena, kwao Shiraz hata muuza mkate anakuuliza tena, unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu ndiyo unapokea huku ukiona haya, mama alimfinya paja alipokuwa mdogo kwa kupokea peremende ya mgeni papo hapo, una njaa wewe, hujalelewa?... na mtihani mwingine ni Septemba, na barua ya ofisi ya wageni imo humu mkobani, cheti kabla ya tarehe thelathini Juni, la sivyo maombi ya ukaazi yanafungwa, mwaka mzima wa kukariri vitenzi jikoni mpaka wali unaungua, leo ameugawa kwa mdomo wake mwenyewe, kwa adabu... "Nimeiona," anasema Besnik, "aa, hii kadi ya bima," tafuta, kaka, tafuta taratibu... na Bi Hilde wa ghorofa ya pili, siku ile na keki yake ya plamu, "Karibu kahawa," naye Mahrokh akasema hapana, asante, mlango ukafungwa, akapanda ngazi akilia kwa hasira, watu gani hawa, na yule bwana wa kiwanda cha mikate, "Ungependa kuanza Jumatatu?" hapana, nisikusumbue, simu haikulia tena, na mwalimu wa binti yake aliyetaka kuwafikisha nyumbani kwa gari siku ya theluji, hapana, hapana, Mungu wangu, miaka sita anawasimulia dada zake kwamba Wajerumani hawakaribishi mtu, kumbe walikaribisha, wote, wakaambiwa hapana wakaamini, wakadhani yeye ndiye hawataki... "Hii hapa!" anasema Besnik, na Bi Terhorst anaweka vidole kwenye kibodi, na Mahrokh anahisi aibu ya ukoo mzima ikimpanda shingoni, acha ipande tu, "Samahani, nafasi hiyo naitaka. Naitaka mimi," na Bi Terhorst akainua macho, wala hakukasirika, alishangaa tu, "Sasa mbona ulisema hapana?"