Trekta Isiyo na Nambari

Gathua wa Makindu sijamsamehe, na pasta wangu anajua. Amenihubiria mwezi mzima habari ya kusamehe saba mara sabini, nikamwambia nimehesabu na nimefika. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Mimi huyu nilimwombea njaa, na pancha juu yake.

Nina sababu. Jina langu ni Syombua, lakini kutoka Matiliku hadi hapa kwetu Kambu watu wananijua kama Mama Katunge wa miti. Kazi yangu ni kandarasi ya kukata misitu ya watu. Mwenye miti ananiita, naingia na vijana wangu wanane, tunaangusha, tunakata vipande, tunapakia lori la kiwanda cha mbao. Kuangusha mti si kazi. Kazi ni kuinua gogo. Gogo la mukau uliokomaa, ule mti wetu wa mbao nzito, wanaume sita watalizunguka tu na kukuna vichwa. Linataka trekta yenye mkono wa chuma, na upande wetu huu aliyekuwa nayo ni mtu mmoja, Gathua.

Alikuwa akinikodishia kwa siku, na akipata wa kumlipa zaidi anaichomoa. Agosti aliichomoa saa nane mchana, lori langu likiwa limejaa nusu. Nilipompigia simu akaniambia kwa ule upole wake wa kununua, "Mama Katunge, si ununue yako?" Magogo yalikaa juani siku kumi na moja yakapasuka, kiwanda kikayakataa, na hasara nikaimeza mimi peke yangu.

Sawa. Nikaamua nitanunua yangu.

Wakati huohuo Musyoka, mwalimu mstaafu mwenye ekari thelathini za mukau nyuma ya Kambu, alikuwa anatafuta mtu wa kukata msitu wote. Miezi mitano ya kazi. Kwetu hakuna mwanakandarasi aliyewahi kupewa kitu kama hicho. Sharti lake lilikuwa moja: kazi atampa mwenye mashine yake mwenyewe, na mashine iwe msituni Jumatatu tarehe ishirini Oktoba, kwa sababu mvua ya Novemba ikianza ule udongo mweusi haupitishi lori. Tuliobaki kwenye orodha ni wawili, mimi na Gathua. "Mimi napendelea wewe," Musyoka aliniambia. "Lakini siku hiyo nitakayemwona msituni na trekta yake, huyo ndiye."

Nikapanda hadi Wote, kwa kampuni moja ya kukopesha watu mashine. Iko juu ya duka la dawa za mifugo, na ni ndogo, yaani afisa wa mikopo ndiye huyohuyo anayekuja kukagua. Anaitwa Gakenia. Msichana wa miaka thelathini hivi, kucha ndefu, na uso ambao haujawahi kuambiwa mzaha.

"Mpya au iliyotumika?" akaniuliza macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Tofauti ni gani?"

"Mpya tunatoa asilimia themanini ya bei. Iliyotumika tunatoa sitini, na isizidi miaka kumi na miwili. Inayobaki unaleta mwenyewe."

"Kwa hivyo mwenye pesa mnampa nyingi, asiye nazo mnampa kidogo."

"Trekta nzee huharibika, mama. Ikiharibika hulipi, na mimi nabaki na vyuma. Sikukutafuta. Wewe ndiye umepanda ngazi."

Nilimchukia papo hapo. Lakini nilijaza fomu zake.

Nilipata trekta ya miaka tisa kwa yadi moja kule Emali, milioni mbili na nusu. Nikauza ng'ombe wote watatu, nikatoa akiba yangu ya chama, nikafikisha ile milioni moja ya kwangu. Mwenye yadi aliikubali kama malipo ya kwanza, akaniruhusu niilete nyumbani ikaguliwe, na akaahidi kunisubiri kwa hizo zingine mwezi mmoja na nusu. Gakenia akasema atakuja Jumanne, tarehe kumi na nne.

Sasa, kwetu mgeni haji akakuta uchafu. Hata kama ni mgeni wa kukudai, uwanja unafagiwa, kuta zinapakwa, kikombe kizuri kinatolewa kabatini. Na trekta yangu ilikuwa na kutu. Ndugu yangu mdogo, Mbaluka, ni fundi wa kuchomelea hapa Kambu, ndiye hutengeneza mageti ya nusu ya mji. Aliizunguka akitingisha kichwa. "Dada, mgeni wako hawezi kuonyeshwa kitu hiki," akasema. Nami kwa mdomo wangu mwenyewe, sikatai, nikamjibu, "Basi ifanye ing'ae."

Siku mbili alipiga grainda na msasa, halafu rangi ya manjano, tabaka tatu. Majirani wakaja kupiga picha. Shemeji yangu wa Kibwezi akaniuliza kama ni mpya nimewaficha. Nililia kidogo, na mimi si mtu wa kulia.

Gakenia alifika saa nne. Chai aliikataa, rangi hakuitazama. Alienda moja kwa moja hadi karibu na gurudumu la mbele, akapiga magoti kwenye vumbi, akawasha tochi ya simu na kupapasa. Akatoa ufunguo akakwaruza ile rangi. Chini yake chuma kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Nambari ya chesisi iko wapi?" akauliza.

"Hapo kulikuwa na kutu mbaya sana," Mbaluka akamjibu kwa fahari. "Nilisugua mpaka nikafika kwa chuma chenyewe."

Alisimama polepole, akapangusa magoti. Akaniambia kwamba logbuku, ile hati ya umiliki, ina nambari, na hiyo nambari ndiyo inayosema trekta ni hii na si nyingine. "Mashine isiyo na nambari ni ya wizi mpaka ithibitishwe siyo. Nitajuaje ni ya karatasi hii?"

"Si mimi nakwambia."

"Wewe ndiye unakopa."

"Unaniita mwizi nyumbani kwangu?"

"Nakuita mtu aliyefuta nambari siku mbili kabla ya ukaguzi. Ungekuwa mimi, ungeandika nini?"

Akasema njia iko: polisi wakague, waandike barua, nambari igongwe upya kwa kibali. Wiki tano, labda sita. Au nitafute picha ya zamani inayoonyesha nambari ikiwa mahali pake, na yeye atapitia tena Ijumaa.

Alipoondoka nilimgeukia Mbaluka. Nilimwambia maneno ambayo marehemu mama angenipiga kofi. Nilimwambia Mungu alibariki mikono yake akasahau kichwa. Alikusanya vifaa vyake akaenda.

Alhamisi nzima nilishinda Emali nikimbembeleza mwenye yadi. Hakuwa na picha yoyote. Nilirudi nikiwa nimechoka, nikaoga, nikalala bila hata kutupia trekta jicho.

Ijumaa Gakenia akaja. Alipiga magoti palepale, akawasha tochi. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akilinganisha na karatasi yake. Niliinama nikaona. Nambari ilikuwa hapo, yote, imepakwa oili na vumbi ionekane ya zamani.

Niliinua macho nikamwona Mbaluka ameegemea ukuta wa jikoni, nguo za kazi zile zile za Jumanne. Nikaelewa. Nakala ya logbuku ilikuwa mezani kwangu, na yeye ana zile patasi za kugongea jina lake kwa mageti. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuletea zawadi na anangoja uifungue.

"Mama Katunge," Gakenia akasema. Fomu ilikuwa mkononi, kalamu wazi. "Hii nambari ilikuwa hapa Jumanne, ikawa mimi ndiye sikuiona?"

Ilibaki siku tatu. Ningesema ndiyo, neno moja tu, na Jumatatu trekta yangu ingekuwa kwa Musyoka na Gathua angekula vumbi langu. Nililitaka hilo neno. Lakini alivyouliza, niliona anajua, na kughushi nambari ni jela. Aliyeshika nyundo ni mtoto wa mama yangu.

"Nimeigonga mimi," nikasema. "Jana."

"Wewe."

"Mimi."

"Jana alikuwa Emali," Mbaluka akasema kutoka ukutani. "Na nyundo hajui hata inashikwa wapi. Ni mimi."

"Nyamaza wewe."

"Nyamaza wewe, dada. Umeongea ya kutosha Jumanne."

Gakenia akafunga kalamu. Alitutazama kwa zamu, na ule uso wake haukulegea hata kidogo. "Jumanne nilipiga picha hapo mahali," akasema. "Mngeniambia ndiyo, saa hii ningekuwa naongea na polisi. Iondoeni. Sasa, nikiona. Halafu mwende kituoni na chuma kitupu, mkaeleze ujinga wenu. Ujinga haufungwi. Hii nyingine inafungwa."

"Na mkopo?"

"Siandiki. Faili nitaiacha wazi mpaka mlete barua."

"Musyoka hatangoja barua."

"Hiyo ni yako na Musyoka."

Mbaluka akawasha grainda akaifuta kazi yake mwenyewe. Cheche ziliruka hadi viatuni mwa Gakenia, na hakurudi nyuma hata hatua. Nilimchukia upya, na safari hii nilijua ana haki, kwa hivyo chuki yenyewe haikunipa raha yoyote.

Alipoondoka nilimpigia Musyoka kabla moyo haujageuka. "Mwalimu, kazi mpe Gathua. Trekta yangu haitakuwa tayari." Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Halafu nikampigia Gathua, kwa sababu wale vijana wanane wana watoto. Nikamwambia awachukue, wanaujua mukau kuliko watu wake, na akiwalipa chini ya ninavyowalipa mimi nitashuka Makindu na miguu yangu. Akacheka. Akaniuliza, sasa mimi nitakula nini? Nikakata simu.

Mbaluka alikuwa amekaa kwenye kidato cha trekta, mikono nyeusi, kichwa chini. Nilipakua muthokoi nikampelekea.

"Dada," akasema, "unaniona mjinga?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikamwekea sahani magotini. "Kula. Jumatatu asubuhi tunaenda kwa polisi Makindu, na njiani tutapishana na Gathua akija msituni na trekta yake. Wewe ndiye utampungia mkono. Mimi sitaweza."