Fundi Asiyepima

Tangu lini mdogo wake akajali milango? Swali hilo lilimkaa mshonaji kooni wiki nzima. Mwanamume huyu aliishi katika nyumba hii miaka ishirini bila kutia mafuta bawaba hata moja. Leo, ghafla bin vuu, hana raha kwa sababu ya mlango wa baraza ya nyuma!

Nyumba waliachiwa na wazazi, wao wawili. Mdogo wake alishajenga kwake; dada mtu akabaki na cherehani yake katika chumba kilichopakana na sebule. Alikuwa amekubali nyumba iuzwe kwa sharti moja tu: nusu yake itoshe kununua kijumba chenye chumba cha kushonea. Isipotosha, hatii saini.

"Ndiyo maana nasema tuutoe huu mlango wa mbao, dada," mdogo wake alisema. "Tuweke wa kioo, ule wa kuteleza. Mnunuzi akiingia tu, anaiona bustani yote. Bei inapanda yenyewe."

"Inapanda kiasi gani?"

"Inapanda tu, dada. Kila mtu anajua."

"Na mlango analipia nani?"

"Wewe tangulia. Tutarudishiana tukishauza." Alisema hivyo huku akikagua dari, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa huko.

Jumamosi akamleta fundi wa vioo, mtu mpole mwenye futi ya chuma kiunoni. Akaamkia, akagonga fremu ya mbao mara mbili, akatoa daftari na kuanza kusoma vifaa: vioo, reli, mpira wa kuzuia maji. Kazi ya siku mbili, akasema.

Mshonaji alikuwa akiingoja ile futi itoke kiunoni. Kwa miaka arobaini hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kupima. Hata wateja wake wa siku zote aliwapima upya, maana watu hunenepa na hawasemi. Sasa huyu amekuja kuchonga tundu ukutani kwa macho? Machale yakamcheza.

"Fundi, mbona hupimi?"

"Si nilishapima, mama."

"Ulipima lini?"

Mdogo wake akakohoa. "Fundi, hebu twende nje kidogo..."

"Mwache anijibu. Fundi, nipe hilo daftari."

Akavaa miwani. Upana: mita nne na nusu. Akasoma tena. Ukuta wa sebule upande wa baraza ulikuwa mita tatu tu. Aliujua vizuri, mapazia yake aliyashona mwenyewe.

"Hii mita na nusu ya ziada inatoka wapi?"

Fundi akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwenye chumba cha cherehani, mama. Ukuta wa katikati unavunjwa, vyumba viwe kimoja. Ndivyo alivyotaka yule mama anayenunua. Tulikuja naye Jumanne, nikaambiwa wewe uko kliniki ya macho. Bwana huyu ndiye aliyetufungulia." Akapunguza sauti. "Arubuni ya nyumba si ameshatoa? Nilidhani mnajua wote."

Mdogo wake alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, jasho likimtoka.

"Kumbe mlango hauongezi bei," mshonaji akasema taratibu. "Bei umeshaikubali peke yako. Mimi nilikuwa nimlipie mwenye nyumba mpya mlango wake."

"Dada, ningekueleza. Nimebanwa. Wewe ungekataa..."

"Ningekataa, ndiyo. Nusu yangu inatosha kijumba?"

Mdogo wake akatikisa kichwa.

Ilimuuma kweli. Wiki nzima alimshuku, na wiki nzima alimwomba Mungu awe amekosea. Sare ya kwanza ya shule ya mdogo wake huyu aliishona yeye, kwa mkono, kabla hajawa hata na cherehani.

Akamrudishia fundi daftari lake. "Vitasa unabadilisha?"

"Nabadilisha, mama."

"Basi anza na mlango wa mbele. Leo hii."

Mdogo wake akasimama. "Dada! Unanifungia mlango, mimi nduguyo?"

"Wewe ni ndugu yangu," akasema. "Ndiyo maana ukibisha hodi, nitakufungulia."