Msitu Usioingiwa na Mtu

Mwanangu Witness anasoma sheria chuo kikuu hapa Morogoro, na mwaka jana aliandika makala iliyompa tuzo. Ilitoka kwenye jarida la wanafunzi la sheria na sera za mazingira. Ilihusu msitu wa ukoo wetu, ule wa juu ya Bigwa, na aliipa jina "Msitu Usioingiwa na Mtu." Niliposoma jina hilo nilicheka peke yangu jikoni. Usioingiwa na mtu, wakati bibi yangu na mama zake wote wamelala humo!

Lakini si kosa la mtoto. Alipokuja kuuliza habari za msitu, kaka yangu Dominiko ndiye aliyemkalisha chini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mjomba akisema, amesema. Dominiko alimwambia aandike miti, chemchemi, hata vyura akitaka, ila makaburi ya ukoo hayasemwi mbele ya wageni.

"Sasa mjomba, wakiniuliza kwa nini miti haikatwi?"

"Waambie watu hawaingii. Basi."

Akaandika hivyo, kwa maneno makubwa ya kisheria na tanbihi tele. Akapendekeza msitu ulindwe na shughuli zote za kibinadamu zipigwe marufuku, kwa kuwa hata kimila hakuna iliyowahi kufanyika humo. Siku ya tuzo tulivaa sare ya vitenge na kupiga vigelegele mpaka mgeni rasmi akapotea kwenye hotuba yake. Dominiko alipiga picha na cheti kana kwamba kimeandikwa jina lake.

Ambacho hatukukitegemea ni kwamba kuna mtu angeisoma makala yenyewe. Mimi nilidhani makala za wanafunzi hupewa tuzo, kisha zinalala kabatini. Kumbe Bwana Ezekiel, afisa mazingira, aliisoma yote. Masika hayajaisha, sheria ndogo ikapita, na bango la kijani likasimama njiani: Hakuna kuingia, isipokuwa kwa utafiti wenye kibali. Dominiko alilisifu sana. Alisema wachoma mkaa sasa watakoma.

Kisha mama yangu, Bibi Elizabeth, akafariki.

Katika ugonjwa wake wote alikuwa na neno moja: nilazeni kwa mama. Alimwambia padre, alimwambia nesi, alimwambia hata muuza maziwa. Mimi nilimshika mkono nikamwahidi. Kwa hiyo mwili ukiwa bado hospitali, tulikwenda ofisini kwa Bwana Ezekiel, mimi, Dominiko na Witness.

"Shikamoo mama, poleni sana," alisema, akasimama kabisa. Tulipomweleza haja yetu, akavua miwani. "Lakini mama, kuzika ni shughuli ya kibinadamu."

"Ni mila yetu, bwana afisa," Dominiko akasema. "Tunazika pale tangu zamani za kale."

Ezekiel akatoa jarida kwenye droo. Lilikuwa limepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. "Hapa mtaalamu anasema hakuna mtu anayeingia." Akamgeukia Witness kwa heshima zote. "Mtaalamu si ndiye wewe?"

Witness akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama dari. Hasira ilinipanda, nikatamani kuwachapa kandambili wote watatu. Mama yangu yuko kwenye jokofu, wao wanatazamana! Nililia palepale, tena kwa sauti, na sikujali nani anasikia koridoni.

"Afisa," Witness akasema polepole, "utafiti si unaruhusiwa?"

"Unaruhusiwa. Kibali natoa mimi."

"Basi naomba. Nataka kutafiti matumizi ya kimila ya msitu ule."

"Kwa njia gani?"

"Kwa kushuhudia mazishi."

Bwana Ezekiel alilifunga jarida, akalirudisha kwenye droo. Kisha akavaa miwani, akavuta fomu, akauliza watafiti wasaidizi ni akina nani.

"Ukoo mzima," Dominiko akajibu haraka.

Majembe na sepetu yaliingia kwenye vifaa. Jeneza afisa alianza kuliandika kwenye sampuli. Nilimkazia macho, akafuta.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyokwenda kwa mama yake, kwa kibali cha utafiti. Padre alinyunyiza maji ya baraka. Dominiko aliwaita waliolala pale kwa majina yao, yaleyale yasiyosemwa mbele ya wageni, na mpwa wake akiyaandika moja baada ya jingine, maana ndiyo kazi tuliyoombea kibali. Ezekiel alikuja kusimamia. Alitupia udongo kama sisi, akajifuta macho, halafu akamuuliza Witness kwa kunong'ona kama udongo wake utaharibu matokeo.

Juzi tulipopanda kufagia kaburi, Witness aliniambia ripoti iko karibu. Akiiwasilisha, utafiti utafungwa, na wakubwa wakisoma ukweli wote watairekebisha sheria.

Nilimwambia nimeshaona makala zake zinavyofanya kazi.

"Sasa mama, unataka nifanyeje?"

Nilimshika mkono, nikamwonyesha nafasi iliyobaki kushoto kwa bibi yake.

"Usiumalize utafiti huo, mwanangu. Mimi bado sijaingia."