Sifuri ya Bibi Oyjamol

Nilifika kijiji hiki cha milimani, juu ya mji wa Panjakent, nikiwa mpita njia tu, na sasa ni mwaka wa kumi na moja napita. Nalala kwa Safarali, msimamizi wa maji. Kila masika Safarali huvua kofia yake, akatia vijiwe vyenye namba, na kila nyumba ikachomoa kimoja. Namba uliyochomoa ndiyo zamu yako: saa sita za mfereji mzima. Nje ya zamu huchoti hata ndoo. Na kura ikishapigwa, hakuna anayeigusa namba ya mtu.

Mwaka huu Bibi Oyjamol alichomoa namba mbili, akakibusu kijiwe. Marehemu mumewe alimwachia mti mmoja wa aprikoti, na mti huo unakufa. Bibi alikata vijitawi vyake arobaini akavibebesha kwenye miche michanga, ili viungane nayo. Jua lilikuwa kali, majani yameanza kujikunja. Miche ile ikifa, aprikoti za mzee yule hatutazila tena.

Zamani Safarali alitangaza zamu kutoka paa la mgahawa wa chai. Magoti yamegoma kupanda ngazi, basi binti yake Parvona, anayetengeneza tovuti kule Dushanbe, akamwekea ukurasa kwenye mtandao. Unafungua simu, unaona nani anamfuata nani.

Jumamosi adhuhuri nyumba ya kwanza ilimaliza. Bibi alikuwa langoni pa mfereji tangu asubuhi, koleo mkononi. Akaja Sobir, mwenye namba kumi.

"Salaam, bibi. Naona umekuja kunisaidia."

"Nikusaidie nini? Wa pili ni mimi. Wewe wa kumi, nenda kalale."

"Ukurasa unasema moja, halafu kumi. Tazama mwenyewe."

"Sina miwani. Na ningekuwa nayo nisingeipoteza kwa kukutazama wewe."

Nikaichukua simu. Kweli: moja, kumi, kumi na moja, hivyo hivyo hadi kumi na tisa, ndipo mbili. Nikapiga hesabu kwa vidole. Zamu kumi mbele yake: siku mbili na nusu za kungoja. Bibi akakaa juu ya jiwe.

"Si mimi niliyepanga, bibi," Sobir alisema, akitazama viatu vyake. "Nikikuachia bila Safarali kusema, kesho kila mtu atamwachia shemeji yake." Akafungulia maji kwenye viazi vyake.

Nikashuka mgahawani. Safarali alimpigia binti yake, simu katikati ya vikombe, watu wote masikio wazi.

"Binti yangu, simu umeifundisha kuhesabu kwa mwalimu gani?"

Akamweleza. Parvona akafungua orodha yake. "Aa. Ni wale mapacha wako, baba."

"Akrom na Ikrom? Wamevunja nini tena?"

"Wanagawana namba saba, nikawaandika saba-A na saba-B. Kwa ajili ya herufi hizo, namba zote nimeziweka kama maneno. Mashine inazipanga kama kamusi, inatazama alama ya mwanzo. Kumi inaanza na moja, basi inaitangulia mbili. Nitatia sifuri mbele ya zile fupi, zote ziwe na alama mbili. Sifuri-mbili itakaa mbele ya moja-sifuri."

Mzee Nurmat akaweka kikombe chini. "Unaongeza kitu kwenye kura ya mtu?"

Safarali alikuna ndevu.

"Kijiwe kinabaki mbili, babu," Parvona alisema. "Naivalisha kofia tu wakati wa kupanga mstari."

"Aseme mwenye namba," Safarali akaamua.

Nikapanda tena na simu ya Safarali, Parvona bado hewani. Nikamweleza bibi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo sifuri inanipunguzia maji?"

"Haipunguzi, bibi."

"Inaniongezea?"

"Haiongezi."

"Basi nitieni hata tatu. Mmenichelewesha kwa kitu kisicho na uzito."

Parvona akabonyeza huko kwake. Sobir akafungua ukurasa upya, akaona, akaziba mfereji wake palepale. Hatujakaa sawa, akaja Akrom anahema.

"Mbona sisi sasa wa mwisho? Nyuma ya thelathini na nne!"

Parvona akacheka kwenye simu. "Saba-A ina alama mbili tayari, mashine imedhani imeshavaa. Ngoja niitenge herufi, niivalishe saba peke yake, kisha niirudishe herufi."

"Wapeni na wao sifuri," Bibi alisema, "wasije wakanililia mlangoni."

Maji yalifika kwenye miche saa nane kasoro. Sobir, aliyekwisha kula saa nzima na zaidi ya zamu ya bibi, aliingia na koleo lake bila kuitwa, akachimba mifereji midogo hadi jioni. Safarali akamwachia bibi lango mpaka saa zake sita zikatimia.

Miche thelathini na moja ilishika. Mlangoni kwake bibi amepaka kwa chokaa: 02, na sifuri ndiyo kubwa.

Nilipomwambia wakati wangu wa kuondoka umefika, alinipa mche mmoja kwenye kopo. "Ukapande huko uendako."

Nimeupanda nyuma ya nyumba ya Safarali. Wanasema utazaa baada ya miaka minne.