Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Semina ya maabara ilikuwa kila Jumatatu saa sita mchana, na mlangoni watu walivua viatu wakavaa ndara. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, ndara zao jozi kumi na mbili. Jozi ya ziada ilikuwa ya Onodera Kazuma, ambaye miaka mitatu nyuma alikutana na hasi yake, mtu wa sura yake ileile ila mwenye alama ya kutoa, kwenye korido ya ghorofa ya tano, wakagusana mabega, na hapakubaki kitu. Ndara zake haziondolewi, maana fomu ya kuondoa mali ya mwanafunzi inataka sahihi ya mwanafunzi mwenyewe.

Kuramochi Chinatsu aliingia maabara Aprili ya mwaka uliopita. Hagiwara, mwanafunzi wa uzamivu, alimkabidhi programu ya kompyuta ya maabara, ya kukokotoa tabia za sumaku, kama yeye alivyokabidhiwa na waliomtangulia.

"Hizi sumaku ndogondogo zinaweza kujipanga kwa namna nyingi kuliko mchanga wa ufukweni," alimwambia. "Huwezi kuzimaliza, mdogo wangu, hata ukizeekea hapo kwenye kiti."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunarusha dadu. Mpishi wa supu haonji sufuria nzima. Anakoroga, anachota kijiko, anaonja. Usipokoroga vizuri, shauri yako."

Chinatsu aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Kompyuta ilirusha dadu, ikapendekeza mpangilio mmoja, ikaukubali au kuukataa, ikaenda kwa mwingine. Mipangilio elfu kumi ya mwanzo ilitupwa kwa kuwa supu ilikuwa haijakorogeka. Iliyobaki ilipimwa uzito, na wastani wake ukawa jibu. Kufikia Julai ya mwaka wa pili alipata mchoro laini, sawasawa na ule uliompa Profesa Tokunaga, mkuu wa maabara, medali iliyotundikwa juu ya birika la umeme.

Tatizo lilikuwa mstari wa mia nne na kumi na mbili wa programu. Mipangilio mingine hutoka na uzito wa hasi, kwa hiyo inapaswa kutolewa, si kujumlishwa. Mstari ule uliifuta alama ya kutoa, ukaendelea kujumlisha. Pembeni yake Profesa mwenyewe alikuwa ameandika, "Kwa muda tu," na tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita.

Chinatsu aliufuta mstari huo Ijumaa, aone nini kitatokea.

Jumatatu hasi wakatoka kwenye chumba cha kompyuta, kumi na mmoja, kila mmoja na sura ya mwanafunzi wake. Walivaa ndara za wageni, wakaketi upande wa pili wa meza. Walikuwa watu wapole. Kero yao ilikuwa hesabu tu: Bi Ushijima, katibu, alipohesabu wanafunzi ili aagize chakula, alipata kumi na mmoja kutoa kumi na mmoja, sifuri, hakuagiza kitu. Semina ikaanza watu wakiwa na njaa.

Chinatsu alionyesha mchoro wake mpya. Nukta zilikuwa zimetapakaa ukurasa mzima.

"Chanya na hasi karibu zinalingana," alisema. "Kinachobaki hakitoshi kusema lolote. Samahani, Profesa, lile jibu letu hatulijui."

Profesa Tokunaga alikunywa chai yake.

"Onodera naye alisema hivyohivyo," alisema. "Tena alieleza vizuri zaidi. Wewe unahitimu Machi, siyo?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi rudisha mstari."

Hagiwara alimsubiri nje, mgongo ukutani, asije akaguswa na hasi yake.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alimwambia. "Kazuma alikataa kuurudisha. Wiki moja tu, wakagusana. Korido yenyewe unaiona ilivyo nyembamba."

Siku tatu Chinatsu alipita ngazi za dharura ili aikwepe korido. Siku ya nne akamkuta hasi yake amesimama karibu na lifti, amekumbatia vitabu. Wote wawili wakainamisha vichwa kwa adabu.

"Sina nia ya kukugusa, dada," hasi alisema. "Lakini na mimi nina safari ya maktaba."

"Naomba unisubiri nusu saa."

"Hamna shida. Ila usikae sana, vitabu vizito."

Chinatsu alirudi mezani kwake. Alijiona mwoga, na ni kweli alikuwa mwoga. Akaurudisha mstari wa mia nne na kumi na mbili, pamoja na maneno yake ya pembeni.

Jumatatu iliyofuata Bi Ushijima alihesabu ishirini na wawili, akaagiza chakula cha ishirini na wawili. Hasi sasa walijumlishwa na wengine, nao wakaitikia kwa kichwa kila alichosema Profesa. Semina ilipokwisha walipanga ndara za wageni vizuri, wakarudi chumba cha kompyuta.

Oktoba likaja boksi la matufaa kutoka Aomori, kwao Kazuma, kama kila mwaka. Juu yake palikuwa na kadi ya mama yake Kazuma. "Mwanangu hanipigii simu. Najua mna kazi nyingi. Anakula vizuri?"

Barua ya shukrani huandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hatungi kitu: mfano wake umo kwenye folda moja na programu, na hurithishwa nayo. Chinatsu aliufungua, akausoma. "Mama, tunashukuru sana kwa matufaa. Kazuma hajambo na anakula vizuri. Kazi imembana kidogo, lakini ni kwa muda tu."

Akabadilisha tarehe, akaichapa, akaitia kwenye bahasha. Kisha akamenya tufaa lake. Lilikuwa tamu, naye akalila lote.