Mpimeni wa Kulia Tu

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, Cuthbert alimpima mke wangu presha kwenye mkono wa kushoto.

Cuthbert ndiye mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji chetu. Kalamu tatu mfukoni, hata moja haiandiki.

Miaka minane nyuma mke wangu Gaudiosa alipasuliwa Dar es Salaam. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umevimba kwa ugonjwa. Wakakata kipande kibovu, wakashonea bomba la kitambaa. Daktari akatuambia, "Bomba halitaoza. Ila ugonjwa haumalizwi na kisu, unaweza kurudi ukala pale tuliposhona. Presha isipande. Na mshipa wa mkono wa kushoto umeziba, kipimo chake kitadanganya kwa kushuka, mpimeni wa kulia tu, maisha yake yote."

Akaandika barua. Cuthbert akaigongea mhuri, akaifungia kabatini. Mhuri anaujua.

Miaka yote hiyo aliyempima ni nesi Ottilia, mkono wa kulia, na mke wangu akachuma kahawa, akashuka ziwani kwao kila Krismasi kula samaki wa mbasa. Ottilia akastaafu Aprili.

Siku hiyo kichwa kilimuuma. Meza ya Cuthbert imesukumwa ukutani ili mkubwa apate upepo wa dirisha, basi kijiji kizima hutoa mkono wa kushoto. Gaudiosa akanyoosha wa kulia.

"Mama, si tulishasalimiana?" Cuthbert akacheka. "Lete wa kushoto."

"Bwana mganga, barua yetu inasema wa kulia," nikamwambia.

"Mzee Othmar, wewe umesomea kahawa. Moyo ni mmoja, damu ni ileile."

Akasoma tisini kwa sitini. Presha ya binti, akasema, dawa za presha zinamshusha mno. Akamsimamishia dawa.

Ijumaa, akianika kahawa, aliniita mara moja, akashika mgongo. Hospitalini walimpima wa kulia: mia mbili na kumi. Hakuiona Jumamosi. Bomba lilikuwa zima, walisema. Mshono ndio ulioachia.

Wakubwa wa wilaya walikuja na gari, wakaitisha kikao, wakamweka Cuthbert kiti cha mbele. Wakaniuliza kama marehemu alipenda chumvi. Chumvi! Nikasimama, mimi mwenye mvi, nikawaamkia shikamoo vijana wale, maana bila hivyo hawasikii. Nikawauliza swali moja, wakafunga kikao.

Meza ile bado iko ukutani. Kutoka kiti chake hadi kabati ni hatua mbili, nimezipima mwenyewe. Ni nini kilimzuia kuinuka?