Sura ya Kumi na Moja Imekatwa

"Umeruka," alisema Eudosia, akaacha kusokota.

Arsenio, msomaji wa kiwanda, alisogeza kipaza sauti. Ukumbini wasokota sigara mia na ushei walikuwa wakimsikiliza, mikono ikiendelea na majani ya tumbaku. Riwaya waliipigia kura wenyewe: watu saba ndani ya chombo cha angani nyuma ya Zohali, hewa ya miezi miwili, na kila mmoja anakijua kikohozi cha mwenzake. Sasa hivi fundi Ilka alikuwa amesema kati yao yupo anayempelekea nahodha maneno. Ghafla wote wanafunga mizigo, na msaliti hatajwi.

"Sijaruka, mama. Nasoma kilichopo."

"Hata yule wa kabla yako alisema hivyo. Kumbe ofisi ilikuwa ikimchagulia kurasa."

"Dosia, mwache mtoto wa watu," alisema Nereida, jirani yake wa benchi kwa miaka ishirini na miwili. "Wewe hata mvua ikinyesha utasema imetumwa na ofisi."

Watu walicheka. Eudosia hakucheka. Yeye alikumbuka watu tisa sebuleni kwake miaka ya nyuma, Nereida akiwemo, wakinywa kahawa, wakikubaliana kwamba Jumatatu hakuna atakayegusa jani. Ijumaa ofisi ilikuwa na majina yote tisa, yamepangwa kama walivyoketi. Kaka yake Fermín alipelekwa kukata miwa, akarudi mgongo umekwisha. Nani alisema, hakuna aliyejua mpaka leo.

Saa ya mapumziko Eudosia alipanda jukwaani kwa Arsenio, akadai kitabu. Arsenio alimpa bila ubishi, jambo lililomuudhi zaidi. Kurasa nne hazikuwepo. Zilikuwa zimekatwa kwa mkato uliopinda kama mwezi mchanga, mara moja tu, bila kusita. Ofisini wana mikasi. Mkato ule ni wa kisu cha msokota sigara, chenye makali ya mviringo.

"Kitabu kinalala wapi?"

"Kwenye kabati hili. Halina kufuli, tunaaminiana."

"Ndiyo shida yetu hiyo. Sikia, ukianza tena, tangaza umepata nakala nyingine. Kesho unarudia sura nzima."

"Lakini sina."

"Tangaza tu, Arsenio."

Alitangaza. Ukumbi ulimshangilia kwa kugonga visu mezani, kama kawaida yao. Nereida aligonga kuliko wote. Kisha akainamia jani lake, akanong'ona:

"Hiyo nakala umeiona wewe?"

"Ya nini?"

"Nauliza tu. Kurudia rudia kunachosha. Na yule mpishi wa chomboni mnamwonea bure. Ana mtoto anakosa pumzi, nahodha ndiye mwenye dawa. Angefanyaje?"

Eudosia aliweka jani chini. Mpishi hakuwa ametajwa kwa ubaya hata mara moja. Habari za mtoto hakuna aliyezisoma pale ukumbini. Ila mwaka ule Fermín alipopelekwa kwenye miwa, mtoto wa Nereida alikuwa akibanwa na kifua, na dawa ambayo hakuna duka la mji lililokuwa nayo ilipatikana. Eudosia mwenyewe alikwenda kumpongeza, na ndizi za kukaanga mkononi.

"Sura hiyo hatujasomewa, Nereida."

Kisu cha Nereida kilisimama juu ya jani. Hakuuliza sura gani.

"Kesho njoo na hizo kurasa," alisema Eudosia. "Utapanda jukwaani, utatusomea wewe."